Mama Baridi na Gauni Lililofuata Jua

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu, Mama Baridi anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Anaacha meza ya mbao iliyopauka kwa siki, mabeseni mawili, na wafanyakazi wengi ambao hawawezi tena kula yai bila kujitazama kifuani.

Wafanyakazi wapya wa idara walidhani jina hilo limetokana na tabia. Waliingia kwa woga, wakamkuta mtu anayecheka mpaka anashikilia meza. Jina lilitokana na amri yake: maji baridi kwanza. Yai na maziwa vikikutana na maji ya moto, alitufundisha, vinaiva palepale kwenye kitambaa, na mwenye shati anabaki na kifungua kinywa cha kudumu. Mafuta aliyanyunyizia unga wa mahindi, akauacha uyanyonye huku yeye akinywa chai, ndipo akaita sabuni ya vyombo. Nyanya aliisukuma kwa maji kutoka upande wa nyuma wa nguo, irudi ilikotokea. Kusugua alikataza kabisa. Doa, alisema, ni mgeni aliyepotea njia. Ukimpigia kelele anakimbilia ndani.

Alianza kwa kukunja taulo, akahamia mashine, kisha pasi, na mwishowe meza ya madoa, ambako swali lake lilikuwa moja: umekula nini, mwanangu? Mlinzi wetu wa getini aliwahi kujibu kwamba ni chai tu. Mama Baridi akaunusa ukosi wake, akamuuliza ni chai gani hiyo inayotiwa kitunguu.

Lakini kisa ambacho kila mtu atakisimulia leo ni cha gauni. Mhasibu wetu, enzi hizo akiwa msichana wa mapokezi, alikuwa anaolewa hapa bustanini saa tisa alasiri. Asubuhi, tone la mchuzi wa manjano likadondokea pindo la gauni lake. Shangazi yake akawahi na kipande cha sabuni, akasugua kwa mapenzi yote. Manjano ikiguswa na sabuni hugeuka nyekundu. Doa la ukubwa wa kifungo likawa jekundu kama damu, la ukubwa wa kiganja. Bi harusi akaliacha gauni mikononi mwa shangazi, akajifungia bafuni, akatangaza kwamba harusi hakuna, bwana harusi atafute mwingine.

"Shangazi, hebu nipe hiyo sabuni," Mama Baridi akasema, "kabla hujaifua na ndoa yenyewe."

Akasuuza sabuni yote, akakamulia ndimu, wekundu ukarudi kuwa unjano. Shangazi akapiga vigelegele mapema mno, maana dawa ya unjano ule ni jua, na siku hiyo mawingu yalitanda, jua likichungulia na kujificha. Kamba za kuanikia zilikuwa kivulini. Basi Mama Baridi akalinyanyua gauni kwa mikono miwili, akaanza kulifuata jua: uani, maegesho, nyuma ya jiko. Lilipohama, naye akahama. Wageni waliowahi kufika waliona gauni jeupe likitembea peke yake kati ya magari, na mmoja wao akalisalimia kwa heshima. Jua la mwisho kabla ya saa tisa lilimkuta kwenye kona ya ukuta wa bustani. Alipolishusha, shangazi alilitafuta doa mpaka akachoka.

Harusi ilifungwa. Mama Baridi hakuiona. Alikuwa amelala juu ya taulo safi, mikono imekufa ganzi.

Hilo ndilo linalotugusa. Katika karamu zetu zote alikuwa upande wa pili wa ukuta, akisubiri kitakachomwagika.

Ndiyo maana leo kiti chake kimewekwa kwenye kona ileile, mahali jua linapoishia. Mhasibu atampakulia mchuzi wa manjano kwa mkono wake. Shangazi naye amealikwa. Mlinzi ameagizwa amkague sabuni getini.

Mama Baridi, asante kwa kila nguo uliyoturudishia bila kututangaza. Tunakutakia maisha mema, yenye jua la kutosha. Tumeona umevaa nyeupe. Kaa, kula, na leo, tafadhali, jimwagie.