Phanice Nyakerario, Aliyekagua Mikanda Kule Manga

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Phanice Nyakerario, fundi cherehani wa Mosocho. Alitutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka hamsini na tisa, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu.

Wengi wenu mlimjua kwa sare za shule. Lakini kule Manga, ukingoni mwa mteremko mkali, vijana wanaoruka kwa miavuli walimjua kwa kazi nyingine. Phanice ndiye aliyewakagua kabla ya kuruka.

Kwa ambaye hajauona, mwavuli huo ni kitambaa kipana chenye kamba nyingi. Mrukaji anafungwa mikanda kwenye kiti, anakimbia mteremkoni, upepo unamwinua. Hakuna injini. Ukiwa juu, huwezi kusimama kando urekebishe kitu.

Ilianzaje? Mwalimu Andrew Ratemo, mrukaji wa siku nyingi, alimpelekea mwavuli uliochanika. "Nilitaka ashone tu," anasema Ratemo. "Yeye akasema kwanza aone unavyofanya kazi. Jumapili nikamkuta Manga na sindano zake."

Tangu hapo alipanda kila Jumapili. Jumamosi ilikuwa ya kanisa, maana alikuwa Msabato.

"Alikagua kwa vidole," anasema mumewe, Gibson Ombui. "Hakuamini macho peke yake."

Sasa sikilizeni. Jumapili moja ya Agosti, miaka mitano iliyopita, Phanice alikuwa amepiga magoti akimfunga Ratemo mikanda. Mguu wa kushoto ulikuwa tayari. Mzee mmoja wa kanisa akamsalimia kutoka nyuma. Phanice akainuka, akampa mkono, wakaulizana habari za nyumbani. Aliporudi, akafunga mkanda wa kifua. Mguu wa kulia haukufungwa.

Ratemo akaruka. Akateleza kutoka kitini, akabaki ananing'inia kwa makwapa. Aliangukia shamba la chai. Nyonga ikavunjika.

Jioni hiyo hiyo Phanice alienda hospitalini. Hakungoja kuulizwa.

"Mwalimu, ni mimi," alimwambia. "Nilisalimia mtu, nikasahau mguu wako."

Ratemo akamjibu, "Na mimi sikushika mkanda wangu mwenyewe. Tulikosa sote wawili."

Kwa wiki sita Phanice hakupanda Manga. Gibson anasema alikuwa anakaa kwenye cherehani bila kushona. Kisha Jumapili moja akavaa viatu, akaenda, akawaambia warukaji jambo moja: ukikatizwa katikati ya ukaguzi, anza upya. Hata kama ulikuwa umebakisha mkanda mmoja. Anza upya.

Desemba iliyopita palikuwa na sherehe ukingoni. Binti yake, Sharon, alikuwa anaruka kwa mara ya kwanza. Phanice akiwa amepiga magoti, mgeni rasmi akafika, mkono umenyooshwa. Watu wote wanatazama.

"Samahani, mheshimiwa," Phanice alisema bila kuinuka. "Nipe dakika mbili."

Akaanza tena, kutoka kwenye helmeti.

"Niliona aibu," Sharon anakumbuka. "Nikamwambia, Mama, umeshanifunga, simama umsalimie. Akasema, nyamaza kwanza, bado nakukagua."

Wasikilizaji wapendwa, hakupata kosa lolote. Kila mkanda ulikuwa umefungwa. Ndipo akainuka, akapangusa mikono kwenye leso, akamsalimia mgeni kwa heshima zote. Sharon akaruka, akatua salama bondeni.

Nilimuuliza Sharon, je, aibu ile iliisha lini? "Nilipoangalia chini nikiwa hewani," akasema.

Kwako Gibson, kwako Sharon, na jamaa wote wa Mosocho na Manga, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Yuko mtu anayekukagulia kitu maishani mwako, breki za pikipiki, dawa zako, nyaya za umeme nyumbani. Pengine hujawahi kumwambia asante. Mpigie leo, angali anapokea simu.