Aliyeitikia kwa Niaba ya Bibi

Benchi letu lipo nje ya duka la kinyozi, kati ya mlango wake na cherehani yangu. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Kinyozi tunamwita Wembe, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na birika la kahawa ni lake. Handbreki aliendesha mabasi miaka ishirini na sita, na tangu astaafu hakuna hoja asiyoikanyagia breki. Shahidi alikuwa tarishi wa mahakama. Kila tukio yeye alikuwepo, hata yale ya kabla hajazaliwa. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Fundi tu. Wiki mbili kabla ya siku ninayowasimulia nilikuwa nimerudi kutoka hija ya Nchi Takatifu, mmoja wa mahujaji thelathini na wawili wa parokia yetu. Ningependa kuwaambia nilirudi nimetakasika. Nilirudi na aibu tupu.

Wembe ndiye aliyeanza, huku anapuliza vumbi kwenye mashine ya kunyolea.

Wembe: Haya, leo saa tisa Katekista wenu anavuliwa. Halmashauri ya parokia inakaa. Ukatekista hana tena.

Handbreki: Kwa lipi hasa?

Wembe: Kwa kumwacha Bibi kwenye ngazi za kanisa la watu, nchi ya watu, jua la watu. Mtu mzima unamsahau kama mwavuli!

Shahidi: Nilisema tangu mwanzo. Yule bwana hana macho ya uongozi.

Handbreki: Ulisema lini?

Shahidi: Nilisema moyoni.

Bibi mwenyewe ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare, mwaka wa thelathini sasa. Safari ile parokia ilimpa zawadi, asante ya mikono yake. Kila jiwe la kule alitaka kuligusa, na kila alilogusa aliliombea mtu. Sasa mjue mwendo wake ulivyokuwa.

Wembe: Lakini Fundi, wewe ulikuwepo. Hebu tueleze tena, mlikuwa mnahesabiana vipi?

Nilikata uzi kwa meno ili nipate pa kuangalia.

Mimi: Padre hakutaka tuhesabiwe vichwa kama mbuzi. Alisema Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, basi na sisi twende hivyo hivyo. Kila asubuhi tunaokota vikaratasi vya namba. Wawili mnaookota namba inayofanana ni wenza mpaka jioni. Basi likitaka kuondoka, Katekista anasimama mbele, anaita namba, na kila namba inajibiwa, "Mwenzangu yupo!"

Wembe: Na siku hiyo?

Mimi: Zilijibiwa zote kumi na sita.

Wembe: Na Bibi yuko kwenye ngazi!

Mimi: Na Bibi yuko kwenye ngazi.

Kwa saa nne. Tulikuja kugundua mezani, wakati wa chakula, sahani moja ilipobaki bila mtu. Alikutwa amekaa kivulini, mlinzi wa kanisa amempa kiti, rozari mkononi. Hakumlaumu mtu. Lakini usiku ule homa ilimshika, na asubuhi yake, tulipopanda kwenda kusali Misa penye Kaburi la Bwana, Misa aliyoisubiri kuliko yote, yeye alibaki kitandani hotelini. Ndege ilituchukua kesho yake. Penye Kaburi hakufika, na miaka yake ni themanini na moja.

Padre alipomuuliza mwenzake wa siku ile alikuwa nani, alijibu, "Siku zimenichanganyika, mwanangu." Vikaratasi vilitupwa kila jioni na hakuna aliyeandika majina, basi lawama zikamwangukia aliyekuwa akiita namba.

Handbreki: Mimi nasema kosa ni la dereva. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Yule dereva hakuinama.

Wembe: Ainame akaangalie nini, Bibi yuko chini ya basi?

Handbreki: Sikiliza basi, usinikatie njia! Dereva wa kweli anajua uzito wa gari lake. Mimi abiria mmoja akishuka nilikuwa nasikia kwenye usukani. Tena mabasi ya kule yana mzani ndani. Mtu akipungua, taa nyekundu inawaka.

Wembe: Na kwa nini haikuwaka?

Handbreki: Ndipo hapo! Mahujaji walikuwa wamepakia mawe. Kila mtu na jiwe lake takatifu mfukoni. Yale mawe yote ndiyo uzito wa Bibi.

Wembe: Mimi naona Bibi alibaki kwa hiari yake. Alitaka akae kule kule. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umri ule, umefika kwenye ardhi ya mitume, urudi kufua vitambaa?

Shahidi: Nyote mmekosea.

Handbreki: Haya, Shahidi ameingia kizimbani.

Shahidi: Namba yake ilijibiwa, ndiyo au siyo? Na mtu wa kuijibu hajulikani, ndiyo au siyo? Basi aliyejibu hakuwa mtu.

Wembe: Ee, Mungu wangu.

Shahidi: Alikuwa malaika. Alikaa kwenye kiti cha Bibi, akaitikia kwa niaba yake, ili Bibi apate nafasi ya kusali peke yake. Chanda chema huvikwa pete.

Wembe alibaki na mashine hewani. Handbreki aliweka kikombe chini. Hakuna aliyecheka, na mimi hapo hapo nikahisi mlango umefunguliwa mbele yangu.

Sikilizeni niwaambie ukweli ambao pale benchini haukutoka. Mwenza wa Bibi siku ile nilikuwa mimi. Tulipofika kwenye zile ngazi aliniambia, "Mwanangu, nisubiri kidogo, namwombea marehemu mwanangu." Nikamwambia sawa, Bibi. Nikasubiri dakika tano, labda sita. Jua lilikuwa linachoma, nilikuwa nimeona duka la vitambaa karibu na mahali tunapokwenda kula, na nilikuwa nimechoka na mwendo wake. Nikaenda garini. Namba yetu ilipoitwa, niliitikia bila kugeuza shingo. Tena niliitikia kwa nguvu. Baadaye nilijidanganya kwamba niliona kofia yake nyuma, maana kofia zote za njano za mahujaji nilizishona mimi, zote sawa. Sikuona kofia yoyote. Sikuangalia.

Wembe: Haya, Fundi. Wewe ulikuwa ndani ya basi. Hiyo sauti ulisikiaje?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikasema hivi:

Mimi: Sasa mkiniuliza hivyo... ilitokea nyuma. Ilikuwa nyororo. Sijawahi kuisikia sauti ile.

Shahidi: Mmeona? Mmeona!

Handbreki: Ya kiume au ya kike?

Mimi: Siwezi kusema. Ilikuwa katikati.

Wembe: Nywele zimenisimama. Na mimi si mtu wa kanisani.

Shahidi: Hili ni la kupelekwa kwa askofu.

Handbreki: Na kile kiti kisikaliwe tena na mtu!

Walianza kupanga nani ataandika barua. Mimi nilikanyaga cherehani bila nguo yoyote chini ya sindano.

Hapo akatokea Katekista. Hajawahi kukaa benchini petu; ni mtu wa kupita na kusalimia. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na ndevu za wiki nzima.

Katekista: Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi: Milele, amina. Shikamoo, mzee.

Katekista: Marahaba. Mwenzangu Wembe, nitengeneze kidevu. Nina kikao.

Wembe: Karibu, mzee wangu. Kaa hapa, nje kuna hewa.

Alikaa kati yangu na Handbreki.  Wembe alimpaka povu. Katekista ndiye aliyeanza, huku kidevu kikiwa juu.

Katekista: Nisaidieni jambo moja. Hivi ni nani aliitikia?

Handbreki aliokota kikombe chake, akakichungulia. Shahidi, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa na malaika mzima, aliinama kufunga kamba za kiatu.

Katekista: Siulizi ili nimshtaki. Leo nitasema kosa ni langu, basi. Lakini wiki mbili silali. Niliita namba, nikasikia jibu, nina hakika. Halafu najiuliza, nilisikia kweli? Au nilikuwa na haraka, nikaruka namba, sasa najitungia? Mke wangu ananiambia niache. Lakini mtu akishaanza kutoyaamini masikio yake mwenyewe, atafundisha watoto nini?

 Mtu huyu ndiye aliyenifundisha mimi Baba Yetu. 

Mimi: Ni mimi, mzee. Niliyeitikia ni mimi.

Wembe aliondoa wembe shavuni mwa mzee. Wote wakanitazama. Nikangoja ardhi inimeze.

Handbreki: Mnaona utu huo?

Shahidi: Lakini Fundi, si sasa hivi tu umetuambia sauti ilitoka nyuma? Nyororo? Usijitwishe, ndugu yangu.

Wembe: Anataka kumbebea mzee msalaba wake. Sasa huyo ndiye aliyehiji kweli kweli. Wengine walikwenda kupiga picha.

Mimi: Hapana, nasema kweli...

Nilisema kwa sauti ndogo. Nilijua ni ndogo. Neno moja tu lingetosha: twendeni kwa Bibi, mkamuulize mbele yangu. Nyumba yake iko mtaa wa pili. Sikulisema.

Katekista alinishika mkono kwa mikono yake miwili, povu likiwa bado kidevuni. Macho yake yalikuwa na machozi.

Katekista: Mungu akubariki, mwanangu. Kati ya wote thelathini na wawili, wewe tu ndiye uliyetaka kusimama na mimi. Hili sitalisahau. Lakini acha, nitalibeba mwenyewe.

Alifutwa uso, akaaga, akaenda kwenye kikao chake. Alitembea akiwa amenyooka kuliko alivyokuja.

Wembe alilitikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja cha kahawa. Handbreki alinyoosha mkono, Wembe akampiga kofi dogo.

Wembe: Weka huko. Hiki ni cha mwenye moyo.

Akanimiminia mimi. Wote watatu walisubiri nionje, wakinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hapo kijiweni.

Nikainywa yote.