Uji Unaogeuka Maji

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, sioni namba.

MWALIMU: Ni mimi dada yako. Mbona unahema?

FUNDI: Aa, shikamoo dada. Niko jikoni, nina hasira hapa—

MWALIMU: Marahaba. Baba anaendeleaje?

FUNDI: Baba gani, dada! Amebaki mifupa. Jana nimempima, kilo arobaini na nane. Wiki iliyopita alikuwa hamsini na moja. Ijumaa ni kliniki, na daktari alishasema, akipungua tena anamlaza, wanampitishia mpira wa chakula puani. Na mzee ameapa haingii wodini tena, afadhali—

MWALIMU: Usilimalizie hilo.

FUNDI: Silimalizii. Kisa uji! Uji wa maji, kila siku maji!

MWALIMU: Ndicho nilichokupigia simu. Mkeo ana siku tatu hayupo hapo. Kwa nini?

FUNDI: Umeambiwa na nani?

MWALIMU: Nimeambiwa. Jibu.

FUNDI: Tuligombana. Kila asubuhi nampelekea baba chupa ya chai yenye uji, nikimimina saa nne, uji unakimbia kwenye kikombe. Nikamuuliza, unga wote huu unakwenda wapi? Ananiambia ameupika mzito. Mzito upi, na mimi nina macho?

MWALIMU: Ukamwambia nini?

FUNDI: Maneno tu, dada. Mtu ukiwa na hasira—

MWALIMU: Maneno gani?

FUNDI: Kwamba anamnywesha baba maji ya kuoshea sufuria kwa sababu si baba yake.

MWALIMU: Mbele ya baba?

FUNDI: Alikuwa amekaa hapohapo... Nani huyo anavuta pumzi?

MWALIMU: Mtandao. Haya, leo uji kapika nani?

FUNDI: Mimi. Juzi na jana tulikunywa chai na mkate, leo nikapika. Vikombe viwili vya unga! Mwiko ulikuwa unasimama wenyewe.

MWALIMU: Na sasa ukoje?

FUNDI: Si ndiyo nakwambia nina hasira? Maji matupu!

MWALIMU: Ngoja. Umepika mwenyewe?

FUNDI: Mwenyewe.

MWALIMU: Mke wako hayupo?

FUNDI: Hayupo.

MWALIMU: Na umekuwa maji?

FUNDI: Maji! Unga huu umechanganywa, dada. Yule mwenye duka leo atanitambua, namfuata sasa—

MWALIMU: Rudi hapa wewe! Mwenye duka amekukosea nini? Umeshagombana na mke, sasa unataka kugombana na mtaa mzima? Niambie, baada ya kupika ulifanya nini. Hatua kwa hatua.

FUNDI: Nikauacha upoe kidogo. Nikaweka dawa. Nikamimina kwenye chupa—

MWALIMU: Dawa gani?

FUNDI: Zile kapsuli za kongosho. Kumeza zinamshinda, zinamkwama. Kwa hiyo nazifungua, zile punje za ndani nazisaga kwa mgongo wa kijiko, nakoroga.

MWALIMU: Unasaga ngapi?

FUNDI: Sita. Za siku nzima.

MWALIMU: Zote? Asubuhi? Uwii, mdogo wangu!

FUNDI: Sasa mchana niko kwenye karakana navalisha makochi vitambaa, nani atampa? Dawa adimu hiyo. Iko kwenye droo, ufunguo ninao mimi.

MWALIMU: Mkeo yupo nyumbani kutwa!

FUNDI: Mimi ndiye niliyekabidhiwa.

MWALIMU: Kwa hiyo hakujua kama unaitia kwenye chupa?

FUNDI: Angejuaje? Naweka akiwa anamwogesha baba.

MWALIMU: Unasikia unachokisema lakini?

FUNDI: Dada, usinipandishe presha. Sema moja kwa moja.

MWALIMU: Ukitafuna mkate muda mrefu bila kumeza, unakuwaje mdomoni?

FUNDI: Sasa darasa la nini?

MWALIMU: Unakuwaje?

FUNDI: Unalainika. Unakuwa kama na sukari.

MWALIMU: Kwenye mate kuna vimeng'enya. Vinaukatakata wanga mpaka unakuwa sukari. Na kongosho linamwaga vimeng'enya vingine kwenye utumbo, vya wanga, vya protini, vya mafuta. La baba halimwagi tena, ndiyo maana amepewa vya kwenye kapsuli. Wewe umevitia kwenye uji wa uvuguvugu, ukafunga kifuniko, ukaviachia saa tatu nzima. Vimefanya nini?

FUNDI: Vimekula uji?

MWALIMU: Vimeumeng'enya ndani ya chupa ya chai!

FUNDI: Haiwezekani.

MWALIMU: Umeuona kwa macho yako! Tena zile punje zina ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo, wewe umelisaga. Zikifika tumboni asidi inaziharibu. Maharage ya mchana, maziwa ya jioni, hakuna cha kuyameng'enya. Choo chake bado kina mafuta?

FUNDI: Kinaelea. Kila siku.

MWALIMU: Ndiyo hivyo, anakula na kinapita tu. Mbili kila mlo, akianza kula. Kama kumeza kunamshinda, fungua bila kusaga, juu ya kijiko cha tunda lililopondwa, la baridi, ameze bila kutafuna. Na umpigie daktari leo hii, umwambie ulichokifanya. Chote.

FUNDI: Dada... [mtandao unakwaruza] ...mwezi mzima.

MWALIMU: Sikusikii, rudia.

FUNDI: Nimesema nimemkondesha baba yangu mwezi mzima kwa mikono yangu! Halafu nikamtukana aliyekuwa anampikia.

MWALIMU: Hilo usinieleze mimi.

FUNDI: Simu yake ameizima.

MWALIMU: Ongea. Yuko hapa.

FUNDI: Yuko wapi?

MKE: Baba amekula?

FUNDI: Mama watoto... uko hapo tangu saa ngapi?

MKE: Nimeuliza, baba amekula?

FUNDI: Bado. Uji wangu ameusukuma. Anasema anangoja wa kwako.

MKE: Mlowekee mkate kwenye maziwa, asikae na njaa.

FUNDI: Sawa. Mama watoto, yale niliyosema, mbele ya mzee—

MKE: Nilimwogesha mimi. Nikampaka mafuta miguu mimi. Ukaniambia si baba yangu.

FUNDI: Nilikosea. Nimekosea sana, sina hata—

MWALIMU: Salio linaisha, fanyeni haraka!

MKE: Ule ufunguo wa droo.

FUNDI: Ninao hapa mfukoni.

MKE: Piga msumari jikoni, karibu na rafu ya sufuria, uutundike. Nikija jioni niukute hapo. Nisipoukuta, siingii nda—

FUNDI: Utaukuta! Mama watoto? Haloo? Dada? Haloo? [simu imekatika] Baba! Nyundo niliiweka wapi?