Siku Niliyopanda Basi Mikono Mitupu

Akina mama, kaeni mkao wenu. Mwenye mtoto amnyonyeshe, mwenye kusuka mkeka asuke, masikio tu ndiyo nayataka. Nitasema kwa Kiswahili changu cha soko, maana humu ndani tuko Wasamia, tuko Wateso, na sisi wa Padhola, na nikisema lugha ya mama yangu nusu yenu mtabaki mkinitazama meno. Nikikosea mahali, nichekeni polepole. Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wako hai bado, na mmoja yuko humu ndani.

Mnanijua kama yule mwanamke wa kuwauliza wasafiri maswali. Mtu akisema tu kesho anakwenda Jinja, mimi nimeshafika: nani anajua unakwenda? Umebeba nini? Utafikia kwa nani? Nasikia mnaniita polisi. Sawa. Leo nataka mjue polisi huyu aliipata wapi kazi yake.

Ilikuwa mwaka ule Uganda ilipopata Uhuru. Nilikuwa nimeolewa Petta. Mume wangu alikuwa akikata miwa upande wa Jinja, na alikuja nyumbani alipopenda, na haikuwa mara nyingi. Mimi na watoto tulikuwa chini ya baba mkwe wangu. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi. Wifi yangu aliyeolewa Kisumu akajifungua, akaja kumwomba binti akamsaidie kulea. Kwetu shangazi akimtaka mtoto wa kaka yake, anapewa. Nilimfungia nguo zake mbili kwenye kitambaa, na yeye akaondoka akiruka kwa mguu mmoja, tena kwa mwingine, mpaka kwenye kona. Alikuwa mtoto wa kuruka, yule.

Miezi minne ikapita. Siku moja sokoni, mama mmoja muuza samaki wakavu, aliyetoka Kisumu, akaniuliza, "Wewe ndiye mama wa yule msichana aliyeungua?"

Nikamwambia hapana. Kweli, nilimwambia hapana. Niliona anamtafuta mtu mwingine.

Akasema, "Wa Petta. Yuko kwa shangazi yake. Sufuria ya maji ya moto ilimwagika, mguu mzima. Wiki ya pili sasa yuko hospitali, analia mama, mama. Mbona hujaenda?"

Mbona hujaenda! Niliacha karanga zangu pale chini nikakimbia nyumbani. Baba mkwe alikuwa ametandaza ngozi ya mbuzi ukutani, anaikaza. Nikamweleza nikihema. Hakugeuka. Akasema, "Habari hiyo ninayo."

Ninayo! Alikuwa nayo siku sita. Akaniambia mtoto ana shangazi yake, ana watu, na mwanamke hasafiri peke yake hadi nchi ya watu kama asiye na mwenyewe. Nimngoje mume wangu, tutakwenda wote. Nikamuuliza mume wangu atakuja lini. Akasema atakuja atakapokuja.

Nawaambia, ndugu zangu, kuna hasira ambayo haina mahali pa kukaa mwilini. Nilichukua jembe nikaenda kulima, nikalima mahali palipokwisha kupandwa, nikang'oa muhogo wangu mwenyewe. Nililala nikisikia mtu anaita mama. Nilikuwa na wengine wawili wadogo, nao wakiita mama nilikuwa nashtuka nageukia mlango.

Hapo nikaanza kupanga. Na sikilizeni nilivyopanga, maana nilijiona mjanja sana. Nilipanga safari ya mwizi. Siku ya soko la Busia, wanawake wengi wa kwetu hupanda lori la pamba kutoka Tororo, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza. Nauli nilikuwa nayo, ya karanga. Nilivaa gomesi yangu nzuri ndani na ile ya shamba juu yake. Watoto wadogo niliwaacha kwa jirani nikamwambia nakwenda kuuza mayai. Mama mkwe nilimwambia nakwenda kwa katekista. Mtu wa tatu nilimwambia kitu kingine, sikumbuki tena. Kila mtu alikuwa na habari yake, kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake.

Na mzigo? Sikubeba. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kuliko wote. Nilijua nikionekana nasaga unga, nikionekana nafunga kuku, nyumba nzima itajua ninasafiri. Basi nilichukua kikapu kitupu cha sokoni, na tulipokaribia Busia nikakitupa kwenye nyasi. Gomesi ya shamba nayo nikaivua nikaitupa. Nikavuka mpaka mwepesi kama ndege, nikapanda basi la Kisumu, nikakaa dirishani. Nilisema moyoni, mwanangu, jua likizama niko kitandani kwako.

Wale wa umri wangu mnawakumbuka wale wanaume wa stendi. Kwa wasichana waliozaliwa juzi, nieleze: siku zile watu wa ukoo walikuwa na wazee wao waliokaa pale mabasi yanapoanzia, kazi yao kuangalia wake za watu wasitoroke kwenda mjini. Hawakuwa askari. Lakini wakikushusha, kondakta hawezi kusema neno.

Mmoja wao aliingia ndani ya basi. Mtu mzima, kofia mkononi, heshima tele. Akaniuliza, "Wewe mama, nakwenda wapi?"

Nikasema nakwenda kwa mume wangu Kisumu. Sijui kwa nini nilisema mume. Ulimi ulikuwa umezoea uongo wiki nzima.

"Mume yako nafanya kazi wapi huko?"

Nikageuza maneno. Nikasema si mume, ni mtoto, mtoto wangu ameungua, yuko hospitali.

Akanitazama gomesi. Akatazama miguuni pangu, akatazama juu ya kichwa changu kwenye ile sehemu ya kuwekea vitu. Akauliza, "Mzigo yako iko wapi?"

Akina mama, mnaona? Mnaona nilivyojifunga mwenyewe? Mwanamke wa kwetu anakwenda kwa wifi yake bila hata unga wa wimbi? Anakwenda kumwona mgonjwa bila kuku, bila yai, bila simsim ya kulamba? Hayupo mwanamke huyo. Mwanamke wa mikono mitupu mwenye gomesi nzuri ni mmoja tu, na yule mzee alimjua mara moja. Hata mimi ningekuwa yeye ningemjua.

Nikamwambia, "Baba, ni kweli, naapa." Akasema, "Wote naapa." Wanawake ndani ya basi waliangalia nje. Mmoja alicheka.

Walinishusha. Wakanikalisha chini mbele ya stoo ya pamba, chini ya ile mizani kubwa inayoning'inia, kila aliyekuja kupima gunia akanitazama kwanza. Basi likawashwa. Likaondoka. Nililiona mpaka vumbi lake likaisha, na nililia kwa sauti kubwa mchana ule, kama mtu aliyefiwa, na watu wakasema, tazama, anamlilia bwana wake wa mjini.

Nilirudishwa na lori la pamba. Baba mkwe hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alisema mbele ya watu, "Mtoto amemfanya sababu," akaingia ndani. Habari ilifika kisimani kabla yangu. Nikifika na mtungi, mazungumzo yanakwisha. Na ile nauli ilikwisha kwenda, na mwanangu bado alikuwa kitandani akiniita, na sasa hata nikisema ameungua hakuna anayeamini. Niliacha kula. Niliacha kuchana nywele. Siku moja nilikwenda mtoni kuteka maji, nikakaa kwenye jiwe, nikatazama pale maji yanapokuwa meusi. Nawaambia mambo yote, sifichi. Nilikuwa nafikiri tu kwamba pale chini hakuna mtu wa kuita mama.

Aliyenikuta hapo ni mama mkwe wangu. Mwanamke wa maneno machache sana, miaka kumi na mbili ndani ya boma lile sikuwa nimemsikia akimpinga mumewe hata kwa chumvi. Alikaa kando yangu. Akachota maji, akanawa miguu yake. Kisha akasema, "Hukukosea kwenda. Ulikosea kwenda kama umeiba."

Nikamwambia nisingeruhusiwa. Akasema, "Nani alikuambia tunaomba ruhusa? Inuka. Twende tukasage."

Tukaenda tukasaga. Hakusagia ndani kama siku zote. Alilitoa jiwe lake nje, akaliweka katikati ya kiwanja, mahali kila apitaye njiani anaona, akaanza kusaga wimbi kwa nguvu zake zote. Jirani wa kwanza akapita: "Mama, wageni?" Yeye akajibu kwa sauti, "Mjukuu wangu ameungua. Mama yake anampelekea chakula." Basi. Wa pili akapita, akajibiwa hivyo hivyo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini yeye alisaga.

Mnajua sisi wanawake. Kumcheka mtu kisimani ni rahisi, lakini mtoto mgonjwa akitajwa na unga ukionekana, huwezi kupita mikono mitupu. Kabla ya jua kuwa kali, yule aliyenicheka zaidi ya wote alileta simsim kwenye jani. Mwingine alitoka Mwello, alikuwa amekuja tu kwa dada yake, akatoa mayai manne. Mwingine akaleta karanga zilizosagwa, mwingine senti za nauli. Siku mbili kiwanja kikajaa, na kila aliyeleta alisema, mwambie mtoto hiki kimetoka kwangu. Katekista akaandika barua, akataja jina la mtoto, la shangazi, na la babu yake.

Baba mkwe aliyaona yote hayo akiwa amekaa mlangoni. Angesema nini? Akizuia, anazuia unga wa kijiji kizima. Asubuhi ya safari alitoka na jogoo wake mwekundu, amemfunga miguu mwenyewe kwa kamba ya katani. Hakunitazama. Akasema, "Huyu ni wa mjukuu. Asichinjwe na watu wa hospitali, achinjwe na wewe." Nikampokea kwa magoti. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilimpokea kwa magoti.

Busia, mzee yule yule wa kofia. Alinitambua. Akaona tenga kichwani, jogoo kwapani, kapu mkononi. Hata barua sikuhitaji kuifungua. Akasema, "Pole, mama. Pole ya mgonjwa," akanipokea tenga akalipandisha juu ya basi kwa mikono yake. Nilitaka kumtemea mate. Mungu anisamehe, nilitaka. Lakini nilisema asante baba, nikapanda.

Nilifika Kisumu siku ya ishirini na tatu tangu nishushwe kwenye basi la kwanza. Nilizihesabu zote.

Alikuwa hai. Mdogo, macho makubwa, mguu umekunjika chini ya shuka. Wifi yangu alikuwa na kichanga mgongoni, amekonda kwa kwenda na kurudi, sikuwa na la kumlaumu. Muuguzi akanieleza taratibu kwamba kidonda cha moto kikipona huvuta ngozi. Mguu unatakiwa kunyooshwa kila siku, kidogo kidogo, na mtoto huyu alikataa kuguswa na mtu yeyote. Alikuwa akisema atanyooshwa na mama yake. Siku zilizopita ndizo zilizokuwa nzuri za kufanya hivyo, akasema muuguzi. Sasa tutajaribu.

Mwanangu aliniangalia, akaliangalia tenga, akasema, "Mama, ulikuwa wapi?"

Sikumjibu. Nilimnyoosha mguu miezi miwili kwa mafuta ya simsim ya wale majirani, akipiga kelele na mimi nikilia, na goti likafunguka, lakini si lote. Anatembea. Kuruka, hapana.

Nawashukuru wote walioleta kitu kwenye kiwanja kile, hata walionicheka kwanza. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye tumemzika mwaka jana, na jiwe lake la kusagia ni mimi ninalo. Baba mkwe naye namshukuru kwa jogoo. La siku sita bado sijamaliza naye.

Ninalowapa ni hili. Dada, ukilazimika kusafiri peke yako, usiondoke kwa kujificha, hata kama unakokwenda ni kuzuri. Saga unga wako nje. Waambie watu habari moja, ya kweli, na wote waijue. Wakikukataza, wakukataze mbele ya unga. Mwanamke aliyeagwa na wengi hayuko peke yake hata akiwa mmoja ndani ya basi.

Sasa yule aliye humu ndani. Amesimama pale mlangoni, mnamwona, kwa sababu akikaa kwenye mkeka goti linamsumbua kuinuka. Kesho anapanda treni Tororo kwenda Kampala kusomea uuguzi, na anakwenda peke yake. Anataka kwenda na sanduku tu. Ananiambia, mama, siku hizi watu hawabebi tenga.

Mwanangu, habari ya basi lile hujawahi kuisikia mpaka leo. Uliniuliza nilikuwa wapi, nikanyamaza miaka saba. Nilikuwa Busia. Nilikuwa nimekaa chini ya mizani ya pamba, naliangalia basi lililokuwa linakuja kwako.

Akina mama, tenga hili hapa. Ndani nimetia unga tu. Lipitisheni.