Nyumba Iliyopata Joto kwa Ajili ya Mgeni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkaguzi wetu wa nyumba anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika idara ya makazi. Mitaani wanamwita Mzee Mshumaa, kwa sababu hupitisha mshumaa uliowashwa kandokando ya milango na madirisha. Mwali ukilala upande, anajua baridi inaingilia wapi, na hapo huanza kuziba.

Alianza kama fundi wa dari. Aliwafundisha mafundi wote wa karakana ya idara kutengeneza dari kwanza, jiko baadaye, maana jiko zuri kwenye nyumba yenye matundu, asema, linaipasha joto njia ya nje. Siku moja alikwama darini, mwili nusu ndani nusu nje. Bibi mwenye nyumba akamtuliza: "Usihangaike, baba. Chakula nitakupandishia hukohuko."

Nilipomwomba anitajie mafanikio yake kwa ajili ya maneno haya ya kumwaga, alitaja kosa moja tu, akasisitiza liandikwe. Naliandika, kwa kuwa linanihusu.

Miaka kumi na minne iliyopita alikagua nyumba ya mama yangu. Barua ya kumjulisha mama ilitangulia siku tatu, kama ulivyokuwa utaratibu. Mkaguzi alikuta jiko linawaka, chumba kina joto, chai iko tayari. "Karibu mwanangu," mama alimwambia, "hapa hatusumbuki." Akaandika kwamba nyumba haihitaji matengenezo. Mimi, mchapaji wa idara, ndiye niliyeichapa ripoti ile, na niliichapa kwa furaha.

Msimu uleule wa baridi, nimonia ikamchukua mama. Msibani, jirani yake alitueleza kwamba siku zile tatu mama alilala bila moto, ili mkaa uliobaki umtoshe mgeni. Mzee Mshumaa alikuwa ameketi karibu yangu. Aliinuka, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Tangu hapo huenda kwa watu na chai yake kwenye chupa, na vikombe viwili, akiomba jiko lisiwashwe kwa ajili yake. Huacha kipimajoto karibu na kitanda kwa wiki nzima. Tena alihangaika miaka mitatu mpaka fomu yetu ikaacha kuitwa "Maombi ya Msaada" na kuitwa "Haki ya Makazi Yenye Joto". Mkuu wa idara alimwambia, "Mzee, hayo si maneno tu?" Akajibu, "Anayeomba msaada huona haya, bosi. Mwenye haki yake atakwambia ukweli kwamba anaumia na baridi."

Mzee wetu, kosa lako nimeliandika kama ulivyotaka. Lakini ulichofichwa wewe, hata mimi nilifichwa, mimi mwanawe wa kumzaa. Kila nilipomtembelea nilikuta moto, wala sikuwahi kufunua ndoo ya mkaa. Mama hakukudanganya, alikukaribisha. Siku ile alipata joto, na mtu wa kuzungumza naye. Jioni alinieleza kwamba mkaguzi ni mtu mwenye adabu, kamaliza chai yote.

Usiondoke na mzigo huu. Uache hapa ofisini, tutaubeba sisi, kila tunapobisha hodi kwenye nyumba ya mtu. Asante kwa kila ufa ulioziba. Ukakae salama na mama watoto na wajukuu, na wala usimwonee haya mtu yeyote wa nyumbani kwetu.