Jezi Tusiyoigawa: Risala ya Akina Mama wa Chakula cha Alhamisi, Cutler Flats, Texas

Mgeni rasmi, Bwana Garland Pruett, Mwenyekiti wa Chama cha Mpira wa Shule za Jimbo, Mwalimu Mkuu, Kocha Brisco, wachezaji wetu wa Fahali, ambao leo mnakula kwa adabu kwa kuwa kuna mgeni, mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi akina mama na akina bibi tunaopika chakula cha Alhamisi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumeona ulivyomshikia mlango Bi Wanda aliyekuwa amebeba sufuria ya maharage. Ni jambo dogo, lakini si kila mkubwa hulifanya, nasi tunakushukuru.

Tunakushukuru pia kwa helmeti mpya ulizotuletea kwa ajili ya mpira wetu huu wa kugongana, ambao dunia nzima huuita wa Kimarekani. Zinang'aa kweli. Boksi linasema ndani zina mito ya hewa. Sisi kila kiangazi tunahifadhi mapichi kwenye chupa, na tunajua jambo moja: ukiizungushia chupa blanketi kisha ukaitikisa kwa nguvu, chupa haivunjiki. Ifungue sasa, uyaone mapichi yalivyopondeka.

TULIKOTOKA

Kazi hii tumeirithi kwa mama zetu. Kila Alhamisi, kabla ya mechi ya Ijumaa, tunawalisha wachezaji nyama ya moshi, maharage na mkate wa mahindi. Wakishashiba, tunamkabidhi kila mmoja jezi yake, tuliyoifua na kuipiga pasi kwa mikono yetu. Hapa Cutler Flats hakuna anayeingia uwanjani na jezi ambayo hakukabidhiwa mezani. Hata makocha waliofukuzwa waliiheshimu desturi hii.

MAFANIKIO

Tumetwaa ubingwa wa jimbo mara mbili. Picha za mabingwa ziko ukutani nyuma yako, na baadhi ya wake zao wako jikoni sasa hivi. Waulize. Watakueleza ilivyo kumfungia mwanamume mzima vifungo vya shati, na kumwambia upya kila asubuhi kwamba mama yake alishazikwa. Chama chako kilitujibu kwamba uhusiano wa mambo hayo na mpira bado unachunguzwa. Tunakitakia uchunguzi mwema. Wa kuchunguzwa wanapungua.

Ulisema redioni kwamba akina mama waoga ndio wanaoua mpira. Ni kweli, mwaka huu darasa la saba halikutimiza timu, na uwanjani kwa jirani zetu wa Ortega Wells sasa wanalishwa mbuzi. Lakini mpira hautakufa, usihofu. Wenye uwezo wameshawahamishia watoto wao kwenye tenisi. Tumesikia hata kijana wako anacheza gofu, nasi tunamwombea afya. Watakaobaki kugongana ni watoto wasio na njia nyingine ya kufika chuo kikuu, nanyi mtakaa juu kwenye viti vya kivuli mkiwapigia makofi. Kama huo ndio mustakabali mliotuandalia, semeni waziwazi, tujue tunampikia nani.

CHANGAMOTO

Kila Agosti wachezaji hufanya mtihani wa kumbukumbu kwenye kompyuta. Mtoto akigongwa kichwa, huurudia. Alama zikilingana na zile za Agosti, anarudi uwanjani. Chama chako kinajivunia sana mpango huu. Basi sikia tuliyoyasikia hapa mezani tukigawa mkate.

"Wewe ulijibuje?"

"Kama mlevi, ndugu yangu. Nikaambiwa nitaje mwezi, nikasema Februari."

"Februari na jua lile!"

"Ukijifanya na akili Agosti, umejifunga mwenyewe. Ukigongwa Oktoba, si watakuona?"

"Mimi mzee wangu ndiye aliyenifundisha. Enzi zake walikuwa wanahesabishwa vidole tu."

Wakacheka mpaka maziwa yakawatoka puani. Huo ndio ulinzi wenu, mgeni rasmi. Watoto wanafeli wakiwa wazima ili wafaulu wakiwa wameumia, na ninyi mnawapigia muhuri.

Ijumaa iliyopita Tatum, mvaa jezi namba hamsini na mbili, aligongwa akalala kwenye nyasi, akainuka akaelekea kwenye benchi la wapinzani. Tatum ni mjukuu wangu mimi ninayesoma. Jumapili alinibebea mizigo ya sokoni mpaka jikoni, kama afanyavyo siku zote. Kisha akavua kofia akaniambia, "Karibu tena, mama, siku njema," akatoka. Alinifanyia adabu anayowafanyia wateja pale dukani anapofanya kazi. Alirudi baadaye akaniita Nana kama kawaida, hakumbuki lolote.

Nilimwendea Kocha Brisco.

"Bi Oleta, kijana yuko fiti. Kafaulu mtihani."

"Kafaulu mtihani alioufeli makusudi, kocha."

"Mama yangu, wewe tuachie mpira, sisi tumekuachia maharage."

Kocha si mtu mbaya. Wakati wa barafu ile kubwa alilala chini ya nyumba ya Bi Wanda akimtengenezea mabomba. Ndiyo maana tunayasema haya akiwa amekaa hapa, sahani yake ikiwa imejaa maharage. Daktari wa timu naye ni shemeji yake, na kiti chake uwanjani kiko katikati ya washangiliaji. Tatum ametimiza miaka kumi na minane, anajisainia mwenyewe. Sahihi yangu haina kazi tena. Kesho amepangwa kucheza.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi: daktari asiyejali nani kashinda, watoto wadogo wacheze kwa kunyang'anyana vitambaa vya kiunoni badala ya kugongana, mazoezi ya kuangushana yapunguzwe. Hayo utayachunguza, kama ilivyo kawaida yako.

Ombi la leo ni moja. Kanuni zenu zinampa mwenyekiti uwezo wa kumzuia mchezaji yeyote kwa neno lake tu. Tatum ni yule aliyekaa meza ya pili, anayekutabasamia. Mzuie.

Na kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, tunakupa zawadi. Ni jezi namba hamsini na mbili. Tumeifua, tumeipiga pasi, tumeishona kwapa lililochanika. Sisi hatuigawi. Chakula kikiisha atakuja kuiomba, na atakuomba kwa adabu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomlea. Ukitaka acheze, mpe kwa mkono wako, hapa, mbele ya nyanya yake.

Mungu akubariki, akulindie kijana wako wa gofu, akupe uzee wenye kumbukumbu zake zote, ikiwemo ya leo usiku.

Ni sisi,
Akina Mama wa Chakula cha Alhamisi, Cutler Flats.
Imesomwa na Oleta Stuckey, na jezi hii hapa, ipokee.