Samaki wa Mzee Tsai Anahema Juu Juu

MJOMBA KUEI: Haloo? Nani mwenzangu? Pandisha sauti, pampu za hapa dukani zinanguruma.

SIU-YUN: Shikamoo Mjomba Kuei. Siu-yun hapa, binti wa Mzee Tsai. Wa yule samaki wa joka, mwekundu.

MJOMBA KUEI: Marahaba. Mzee anaendeleaje hospitali?

SIU-YUN: Anapasuliwa moyo leo, saa nane mchana. Sasa huyu samaki— tangu asubuhi yuko juu ya maji, anahema tu.

MJOMBA KUEI: Maji yakoje?

SIU-YUN: Kama ya kuoshea mchele. Yananuka. Nimeyapima na kile kichupa chako, yamegeuka kijani ile ya kukolea.

MJOMBA KUEI: Amonia hiyo. Mkojo wake mwenyewe unamuunguza matamvua. Mmemfanyaje?

SIU-YUN: Hatujamfanya kitu. Si tunasafisha nyumba, mwaka mpya keshokutwa? Mapazia, madirisha, mpaka lile chujio la tangi lake, maana lilikuwa na uchafu wa—

MJOMBA KUEI: Sponji la ndani umeliosha na nini?

SIU-YUN: Maji ya bomba. Na sabuni kidogo. Likatoka jeupeee.

MJOMBA KUEI: Mtoto wewe. Ule uchafu ndio uliokuwa unamsafishia maji. Miaka kumi na mbili baba yako analisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, we umelipiga sabuni kama soksi.

SIU-YUN: Unicheke basi, lakini nifanyeje?

MJOMBA KUEI: Usimlishe. Toa theluthi ya maji, jaza yaliyolala, yaliyokwisha dawa ya bomba. Mzee ana pipa roshani. Mimi nakuja na sponji chafu la hapa, dakika kumi na pikipiki. Anapona huyo.

SIU-YUN: Asante Mjo— [mkwaruzo] —subiri, mama ananiita.

MJOMBA KUEI: Haloo? ... Haloo, Siu-yun?

SIU-YUN: Nipo. Mama kafunga mlango wa roshani. Ufunguo kautia mfukoni.

MJOMBA KUEI: Ana nini tena?

SIU-YUN: Anasema nimwache. Anasema samaki huyu alifugwa kwa kazi hii. Balaa la mwenye nyumba likija, lazima liondoke na mmoja. Sasa samaki akifa, kabla ya saa nane...

MJOMBA KUEI: Marehemu mama yangu naye alikuwa akisema hivyo.

SIU-YUN: We unaamini?

MJOMBA KUEI: Mimi nauza samaki, binti. Sponji nishalitia mfukoni. Nije?

SIU-YUN: Samaki anaanza kulala ubavu.

MJOMBA KUEI: Saa hizi bado anapona. Nusu saa ijayo sikuahidi. Nije, nisije?

SIU-YUN: Sasa ni saa sita na robo...

MJOMBA KUEI: Sikusikii, mtandao una—

SIU-YUN: Usije, Mjomba.

MJOMBA KUEI: Na baba yako akimuulizia?

SIU-YUN: Akimuulizia, si atakuwa ameamka. Haya Mjomba, baadaye, simu inaisha cha—